Barua ya wazi: Msiikatishe ruti ya Ujiji pale Mwanga

Kwenu waheshimiwa mnaopanga njia za daladala katika Manispaa ya Kigoma/Ujiji,

Shikamooni.

Mapendekezo yenu ya njia mpya tumesomewa. Mwenyekiti wa mtaa wetu aliyasoma Jumapili jioni chini ya mwembe, na alipofika kwenye mstari unaosema gari za Ujiji zitakuwa zinaishia Mwanga, ilibidi aurudie mara tatu. Sauti yake ilisikika vizuri tu. Watu walidhani kakosea kusoma, hadi mzee mmoja akaiomba ile karatasi aione kwa macho yake.

Nimekaa na jambo hili siku kadhaa kwa sababu sikutaka kuandika nikiwa na hasira. Mimi ni mchuuzi wa dagaa, mkazi wa Kitongoni, Ujiji, na ni katibu wa kikoba cha akina mama kumi na wanne tunaochukua mzigo mwaloni Kibirizi, pale wavuvi wanapoteremshia samaki. Katibu ndiye anayeshika daftari. Kwa hiyo mengi nitakayosema hapa sikuyakisia, yameandikwa kwa kalamu, tarehe kwa tarehe.

Kwa ambao hawakuwepo mkutanoni, niyaeleze kama nilivyoyasikia. Leo gari inapakia Ujiji, inapita Mwanga, inateremka hadi Kigoma mjini karibu na stesheni ya reli. Mpango mpya unaikata njia hiyo vipande viwili, Ujiji hadi Mwanga na Mwanga hadi mjini. Anayetoka Ujiji kwenda mjini atashuka Mwanga, atatafuta gari nyingine na atalipa upya. Pamoja na hayo kuna njia mpya ya moja kwa moja kutoka stendi ya Masanga kwenda Kibirizi, na gari za kuongezea Bangwe na Katonga. Sababu tuliyopewa ni msongamano wa Mwanga na wa pale stesheni, na kwamba gari nyingi za Ujiji zinaonekana zikifika mjini nusu tupu.

La Masanga na la Katonga nayaunga mkono kwa moyo wangu wote. La kuikata ruti ya Ujiji ndilo lililoninyima usingizi.

Sisi abiria jambo hili tuna jina lake. Tunaliita kukatisha ruti. Konda anaona abiria wamepungua, gari ikifika Mwanga anagonga bodi, anasema "mwisho wa gari, shukeni", na nusu ya safari uliyoilipia imekwenda na maji. Ni kosa. Leseni ya daladala inataja njia, na gari ikikutwa imegeuzia katikati dereva anapigwa faini. Miaka yote tumefundishwa tusikubali kushushwa njiani, tusimame tudai, tutoe taarifa, na tumekuwa tukidai. Sasa jambo lilelile ambalo konda anaadhibiwa nalo linaletwa kwetu kama utaratibu wa kila siku. Mtu wa Ujiji anayesikia hivyo anaona alichokuwa akikidai kimeondolewa na yule aliyemwambia akidai.

Mimi yalinikuta. Ilikuwa msimu wa mvua, natoka mwaloni na ndoo mbili za migebuka mibichi niliyoagizwa kwa ajili ya shughuli ya hitima. Konda akatushusha Mwanga, akageuza gari. Gari iliyofuata konda wake aliziangalia ndoo akasema maji ya samaki yatachafua viti. Ya pili ikakataa, ya tatu ikataka nilipie siti mbili. Nilifika Ujiji jua limeshakuwa kali, na migebuka haivumilii jua. Nusu yake niliwapa majirani waliokuwa tayari kuipika saa ileile, na fedha ya mwenye shughuli nikairudisha. Hasara ya siku moja niliilipa kwa wiki tatu. Konda yule simtaji wala gari yake siitaji, kwa sababu simdai tena chochote. Ninachotaka mkione ni kwamba kubadilisha gari pale katikati, kwa mtu mwenye mzigo, ni kuanza safari upya mbele ya konda ambaye ana haki ya kukuangalia na kukukataa.

Sasa niende kwenye hesabu, maana mnapenda tuje na hesabu.

Nauli ya daladala kwa njia isiyozidi kilomita 10 ilitoka shilingi 400 kwenda 500 mwaka 2022. Desemba 2023 ikatoka 500 kwenda 600, na mwanafunzi akabaki 200. Kila mara ni shilingi mia moja iliyoongezeka, na kila mara nchi nzima iliisemea. Redio zilipiga simu kwa wasikilizaji, wadau waliitwa kutoa maoni, wenye magari wakaleta gharama zao za mafuta na matairi, abiria wakajibu. Ndiyo taratibu yetu. Nauli haipandi usiku.

Ujiji hadi mjini leo ni gari moja. Njia ikikatwa ni gari mbili, na kila kipande ni njia yenye nauli yake. Kwa kiwango hicho cha 600, mtu wa Ujiji atafika stesheni kwa 1,200. Hakuna aliyetangaza nauli mpya, hakuna mdau aliyeitwa kuijadili nauli, lakini mkononi mwa abiria imepanda mara mbili. Mimi ninayekwenda mbele zaidi, hadi Kibirizi, leo napanda gari mbili kwenda na mbili kurudi, jumla 2,400. Nitapanda tatu kwenda na tatu kurudi, jumla 3,600. Tofauti ni 1,200 kwa siku, na bado mzigo sijaulipia, na mzigo hulipiwa kila gari unayoingia. Nina siku ishirini hivi za kazi kwa mwezi. Ni shilingi 24,000. Hisa moja katika kikoba chetu ni 5,000. Waheshimiwa, mmekwishaona zinakotokea hizo fedha.

Na kwa nini siku ishirini, si thelathini? Hapa ndipo naomba mnisikilize kuliko mahali pengine popote katika barua hii.

Dagaa wetu huvuliwa gizani. Vipe, vyombo vya kuvulia dagaa, vinatoka jioni na taa, dagaa anaufuata mwanga, wavuvi wanarudi alfajiri. Mwezi ukiwa mkubwa taa haimvuti dagaa, na mwalo unalala. Kwa hiyo Kibirizi haiendi kwa kalenda ya ukutani, inaenda kwa mwezi. Siku za giza, saa kumi na moja alfajiri gari inayotoka Ujiji imejaa hadi mlangoni: wachuuzi, waanikaji, vijana wa kubeba, mama lishe wanaokwenda kuwapikia wavuvi chai na vitumbua. Hakuna anayeshuka Mwanga hata mmoja, soko lenyewe halijafunguliwa. Siku za mbalamwezi gari hiyohiyo, saa hiyohiyo, ina watu sita.

Mlisema gari zilihesabiwa. Naamini zilihesabiwa, na naamini aliyehesabu hakudanganya. Swali letu ni kwamba alihesabu lini. Kama alisimama stesheni saa nne asubuhi, alichokiona ni kweli: gari ilijaa Ujiji, ikamwaga watu wa sokoni Mwanga, ikashuka mjini na abiria wachache. Kama alikuja wiki ya mbalamwezi, aliona kweli nyingine. Na ziwa likiwa limefungwa, kama lilivyofungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024, angeweza kuhesabu miezi mitatu mizima asikutane na mchuuzi wa Kibirizi hata mmoja, kwa sababu tulikuwa nyumbani. Mji wa ziwani huwezi kuuhesabia abiria bila kwanza kutazama juu, uone mwezi uko wapi.

Halafu wale wachache wanaobaki kwenye gari baada ya Mwanga ni akina nani? Nimewatazama kwa miaka. Ni mgonjwa anayekwenda Hospitali ya Maweni na kadi yake ya kliniki. Ni mama mjamzito. Ni mfanyakazi wa bandarini, ni mlinzi aliyemaliza zamu ya usiku. Ni msafiri wa treni mwenye sanduku na kiroba cha mchele kichwani. Ni wachache kwa idadi, nakubali, lakini safari zao ndizo ndefu na sababu zao ndizo nzito, na hao ndio watakaoshushwa.

Na ni wanafunzi. Binti yangu wa mwisho yuko kidato cha pili, anasoma upande wa mjini. Kila mzazi wa Ujiji anajua kinachotokea saa kumi na mbili asubuhi: gari inasimama, konda anatazama sare, anasema "wanafunzi wawili tu". Nauli yao ni 200, ya mtu mzima ni 600, na konda ana hesabu ya tajiri inayomsubiri jioni. Simtetei, naeleza tu jinsi mambo yalivyo. Binti yangu leo anapita kwenye mlango huo mara moja asubuhi na mara moja jioni. Njia ikikatwa atapita mara nne. Hiyo mia mbili ya ziada kwenda na mia mbili kurudi nitaitafuta, nitaipata. Lakini mlango wa pili, pale Mwanga, katikati ya watu wazima wanaogombea gari, na kengele ya shule inakaribia kugonga, huo siwezi kumlipia. Wasichana wa umri ule wakikosa gari wapo wanaojitolea kuwapakia pikipiki bure. Wazazi mnaosoma hapa mnaelewa ninachosema, sitaki kukiandika zaidi.

Nisije nikaonekana nimeandika kama vile mji mzima una sauti moja. Hauna. Vijana wa bajaji wa Mwanga wamefurahi, na wana haki ya kufurahi, kwa sababu abiria atakayeshushwa pale ni riziki yao. Mmoja wao, mtoto wa jirani yangu, aliniambia, "Mama, mtazoea, mbona mjini Dar wanabadilisha gari tatu." Nilimjibu kwamba Dar mtu anabadilisha gari akiwa anakwenda mbali. Wenye daladala wamegawanyika. Aliye na gari kuukuu anapenda njia fupi, haili mafuta, haina kile kilima cha kuteremka mjini na kupanda tena. Aliye na gari nzima anasema njia fupi itazaa foleni ya kupakia, na konda atakaa Mwanga dakika arobaini akisubiri zamu. Huyu wa pili namwamini zaidi, kwa sababu nimekwisha kukaa kwenye foleni hizo.

Na wapo wa Katonga. Dada mmoja tunayeuziana naye aliniambia jambo lililonikaa moyoni: "Nyie wa Ujiji mna gari mnaogopa kuipunguza, sisi tunatembea." Ana haki. Mwalo wa Katonga nao una akina mama, nao wanabeba ndoo, na gari kule ni ya kubahatisha. Sitaki hata siku moja ruti yetu isimamie kwenye miguu yao. Ninachouliza ni kwa nini gari za Katonga lazima zitoke kwenye kipande cha Ujiji. Kama maombi ya leseni za njia ile ni machache kwa sababu barabara inavunja magari, basi itengenezwe hiyo barabara. Kuikata njia ya Ujiji hakuzibi shimo hata moja la Katonga.

La Masanga nalo lianze hata kesho. Mtu anayeshuka basi la Kasulu au Kibondo akiwa na mzigo wa maharage wa kupeleka Kibirizi, ukavuke kwenda vijiji vya ziwani, hana sababu ya kuzungushwa kote.

Wazee wa Ujiji wamelichukua jambo hili kwa uchungu kuliko sisi, na mwanzoni sikuelewa kwa nini. Wao gari hawapandi mara kwa mara. Mzee aliyeiomba karatasi siku ile alinieleza baadaye. Ujiji, alisema, ilikuwa mji wakati Kigoma haijawa na stesheni. Misafara ya kutoka pwani ilikuwa ikifikia hapa. Burton na Speke walifika 1858, Stanley akamkuta Livingstone hapahapa 1871. Reli ilipolifikia ziwa mwaka 1914 haikuja kwetu. Ilikwenda Kigoma, kwenye ghuba yenye kina cha kupokea meli, na kila kitu kikaifuata: bandari, ofisi, benki. Watu wa Ujiji hawakuhama. Walianza kusafiri. Baba zao walitembea kwa miguu, wengine wakapanda baiskeli, na gari zilipokuja wakasema sasa mji umekuwa mmoja. "Wakiikata ile gari," aliniambia, "wametukata mara ya pili."

Jina la manispaa yetu huandikwa kwa mkwaju katikati, Kigoma/Ujiji. Nimeliona kwenye mihuri na kwenye stakabadhi za ushuru maisha yangu yote. Baada ya maneno ya mzee yule nimekuwa nikiuona mkwaju ule kama barabara yenyewe.

Msongamano wa Mwanga upo, sikatai. Nimekwisha kukwama pale na mzigo mara nyingi. Lakini fikirini gari zote za Ujiji zikiishia Mwanga na zote za mjini zikianzia Mwanga. Gari ambayo leo inasimama dakika mbili, inashusha, inaendelea, kesho itageuza pale, itaegesha pale, itapiga debe pale hadi ijae. Abiria ambaye leo anapita amekaa kwenye siti atakuwa amesimama barabarani anatafuta gari. Sijasomea mipango miji, ila sioni jinsi pale patakavyopungua watu.

Kama baada ya yote haya bado mtaona lazima njia ikatwe, basi iweni na huruma ya nauli moja. Si jambo geni nchini mwetu. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Dar es Salaam mwaka 2016, njia mlisho, ile inayoleta abiria kwenye njia kuu, ilikuwa 400 na njia kuu 650, lakini aliyeunganisha zote mbili alilipa 800, hakulipa 1,050. Waliopanga kule walitambua kwamba abiria hakuchagua kubadilisha gari, kwa hiyo wakampunguzia. Sisi huku hatuna mashine za tiketi, najua, lakini tuna makonda wanaofahamiana kwa majina na wenye magari wenye chama chao. Kipande cha karatasi chenye muhuri kinatosha. Na mahali pa kubadilishia pawe na paa, taa na choo kabla ya gari ya kwanza kukatwa, kwa sababu mvua za kwetu zikianza Novemba hazina haraka ya kuisha.

Ombi letu hasa ni dogo kuliko hilo. Acheni gari za kupitiliza ziendelee kutoka Ujiji hadi mjini alfajiri hadi saa tatu asubuhi, na tena jioni kuanzia saa tisa hadi watu waishe. Mchana kati, jaribuni mnachotaka kujaribu, mtuambie ni jaribio la miezi mingapi, na mrudi kutuuliza limetufanya nini. Kabla ya hapo abiria wahesabiwe upya, wiki moja ya giza na wiki moja ya mbalamwezi, gari ya kwanza hadi ya mwisho, na hesabu ibandikwe ofisi za kata tuione.

Na mkutano mwingine uitishwe Ujiji kwenyewe, baada ya swala ya alasiri. Ule wa wadau tuliousikia ulifanyika mjini siku ya kazi saa tatu asubuhi. Saa hiyo mimi na wenzangu kumi na watatu tulikuwa mchangani tunaanika. Katiba yetu, Ibara ya 146, inasema madhumuni ya kuwapo kwa serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Nimeisoma ibara hiyo pamoja na binti yangu, ndiye aliyenisaidia kuitafuta. Wananchi wa njia hii wanapatikana. Wako kwenye gari.

Daftari la kikoba, lenye nauli tulizolipa na tarehe zake, nitalileta kwenye mkutano huo. Atakayetaka kulisoma kabla, Mwenyekiti wa mtaa anajua nyumba yangu.

Wenu katika ujenzi wa mji,

Mchuuzi wa dagaa na katibu wa kikoba,
Kitongoni, Ujiji